Kuba la Vuga na Uwanja wa Nachingwea

Washairi wetu wa visiwani wana mazoea ya kuisifu hukumu ya chini ya mti. Mwembe huwa ndiyo haki, jumba la mawe likawa ndiyo dhuluma. Mazoea haya ni matamu masikioni, lakini nimeyachoka, na sababu yangu iko mbali na visiwa: iko Nachingwea.

Lakini tuanze nyumbani. Jumba la Mahkama Kuu pale Vuga, lililomalizika 1908, lilichorwa na John Sinclair, Mwingereza mtumishi wa serikali ya himaya, yeye yule aliyetupa Beit al-Amani ya 1925. Kuba, matao, nakshi, vyote vimevaa sura ya Kiarabu. Ajabu ni kwamba majumba ya wenyewe katika Mji Mkongwe hayajioneshi hivyo. Kwa nje ni ukuta mtupu na mlango mmoja wa fahari. Uzuri umefichwa ndani, uani. Sinclair aliuchukua uzuri ule akautoa barabarani, kisha chini ya kuba lile akakaa hakimu wa Kiingereza. Ni nguo ya kuazima, na mshono wake unaonekana. Hata hivyo nakiri, kila nipitapo pale jua likiwa kali, kivuli cha matao yale hunishinda kukichukia.

Nachingwea haikuwa na mawe ya zamani ya kuigiza. Mji ulichomoza kwa karanga, pale Waingereza walipoanza 1947 mradi wao mkubwa wa kilimo uliotupwa 1951. Reli iliyojengwa kwa ajili yake ikafungwa 1962. Kilichobaki, huko na Ruangwa ambayo zamani ilihesabiwa ndani ya Nachingwea, ni ujenzi wa haja tu: bati, saruji, mistari iliyonyooka. Sheria ya 1963 ilipoleta mahkama za mwanzo Bara, hakimu alikaa na washauri ambao wananchi mpaka leo wanawaita wazee wa baraza. Neno hilo ni letu. Baraza ni kile kiti cha mawe kilichojengwa ukutani, nje ya mlango, mahali mgeni anaposikilizwa kabla hajakaribishwa ndani. Kipande cha nyumba ya pwani kimesafiri bara kikawa jina la watu. Sijui shairi lililofanya kazi kubwa kuliko hiyo.

Sasa tufike kwenye uwanja. Tangu miaka ya 1960 Nachingwea ilikuwa na kambi kuu ya FRELIMO, wapiganaji wa ukombozi wa Msumbiji, na heshima yao haipunguziki kwa haya nisemayo. Mwezi Mei 1975, wiki chache kabla ya uhuru wa Juni 25, waliletwa hapo mbele ya umati wa wapiganaji watu walioitwa wasaliti. Uria Simango, mchungaji aliyepata kuwa makamu wa rais wa chama hicho, alisimama akasoma kurasa nyingi za kujikiri makosa. Joana Simeão alikuwa miongoni mwao, na Lázaro Nkavandame, na Padri Mateus Gwenjere. Baadaye wakauawa Msumbiji bila ya kesi yoyote mahkamani.

Hapakuwa na kuba pale, wala kizimba, wala mlango. Palikuwa na mbingu wazi na umma uliokusanyika, yaani picha ileile ambayo washairi wetu huiita haki. Jumba la mahkama, hata lililo baya, hugawa nafasi: huyu anashitaki kutoka hapa, yule anajibu kutoka pale, mwandishi ana meza yake, na anayehukumu hakai kiti kimoja na anayeshitaki. Uwanja haugawi kitu. Aliyesimama katikati yake amezungukwa na upande mmoja tu.

Najua jibu mtakalonipa, nanyi mna haki. Kuba la Vuga lilikuwepo vilevile miaka ya 1970, zilipoanzishwa hapa Mahkama za Wananchi ambamo mawakili hawakuruhusiwa kusimama. Katika kesi kubwa iliyofuata kuuawa kwa Mzee Karume 1972, Mwanasheria Mkuu yuleyule aliyeshitaki ndiye aliyetarajiwa kuwasemea washitakiwa. Matao ya Sinclair hayakusaidia chochote. Basi ubishi wangu na washairi si kwamba jiwe ni bora kuliko mwembe. Ni kwamba wanautazama mwembe na jiwe, wala hawatazami kiti kilichoko karibu na mshitakiwa na kuuliza nani amekikalia. Nachingwea mwezi ule, na Unguja katika kesi ile, kiti hicho hakikuwekwa.