Jiwe na Karatasi ya Mtihani

Nchini Uhindi, mtihani wa kuwachagua watumishi wakuu wa serikali huuliza pia juu ya sanaa za jadi. Mtahiniwa anayejifunza uchongaji wa mawe hukariri majina kwa mfululizo: hekalu la Kailasa, Ellora, mfalme Krishna I, karne ya 8. Majibu hayo hatuyakatai. Ila, kwa maoni yetu, hayatoshi. Hekalu hilo halikujengwa kwa kupanga mawe, bali lilichongwa katika mwamba mmoja, kutoka juu kwenda chini. Kipande kilichokatwa kwa makosa hakikuweza kurudishwa. Basi umbo zima lilipaswa kuwamo akilini mwa mafundi kabla ya pigo la kwanza la tindo. Kadhalika, huko Mamallapuram, mahekalu ya itale ya karne ya 7 yaliyoachwa kabla ya kumalizika hutufunulia hatua za kazi vizuri zaidi kuliko yaliyokamilika.

Orodha haina nafasi ya mambo hayo. Na hasara si ya mtahiniwa peke yake: akifaulu, huenda akasimamia wilaya ambamo wachongaji wangali kazini. Atawatetea vipi, iwapo ajua karne za wafalme tu, asijue kazi ya mikono?