Mtu Aendaye kwa Miguu Yake

Ziko sinema ambazo mtu huzitazama jioni na kuzisahau asubuhi, na ziko chache zinazomfuata mpaka shambani. Sinema iitwayo Shaft, iliyotoka Marekani mwaka 1971, twaihesabu katika hizo chache, ijapokuwa tuna neno juu yake. Mwaka 2022 ilitolewa upya katika diski za kutazamia nyumbani, picha zake zikiwa zimesafishwa. Hivyo twaweza kuitazama polepole, tukisimamisha na kurudia.

Kisa chake ni chepesi. John Shaft ni mtu mweusi wa New York, mpelelezi asiye askari wa serikali, afanyaye kazi kwa ujira wa wamwitao. Bumpy Jonas, mkubwa wa wahalifu wa Harlem, anamwajiri amtafute binti yake aliyeibwa na watu wa Mafia. Risasi zinalia, watu wanakufa, na mwisho binti anaokolewa. Visa vya namna hii vilikuwako vingi kabla yake.

Basi uzuri wake u wapi? U mwanzoni kabisa. Shaft anatokea chini ya ardhi, kwenye kituo cha reli, amevaa koti refu la ngozi, naye anakwenda zake katikati ya jiji, akikatiza mbele ya magari bila kuyangoja. Wimbo wa Isaac Hayes unamsindikiza, ule uliopata tuzo ya Oscar mwaka 1972. Kwa dakika kadhaa hapana jambo jingine ila mtu anayetembea.

Msomaji atauliza, kutembea kuna nini? Tukumbuke kwamba kwa miaka mingi sinema za Marekani zilimwonyesha mtu mweusi mara nyingi akibeba sinia, akifungua mlango, au akichekwa. Huyu habebi kitu cha mtu. Aliyeiongoza sinema, Gordon Parks, alikuwa mweusi mwenyewe, mzaliwa wa Kansas mwaka 1912, na kabla ya hapo alikuwa mpiga picha wa gazeti la Life. Alijua kwamba mwendo wa mtu husema kabla ya kinywa chake.

Wala Parks hatudanganyi. Baadaye Shaft huyo huyo anainua mkono kuita teksi. Teksi inampita na kumchukua mzungu. Yeye anatembea kama mwenye jiji, lakini jiji halijakubali. Mambo hayo mawili yakiwekwa pamoja yatosha kuwa hotuba, wala hapana aliyehutubu.

Sasa neno letu. Bumpy anamlilia binti yake, na machozi yake ni ya kweli. Lakini mtu huyu utajiri wake umetoka katika kuwaharibu watu wa Harlem. Je, binti za wengine nao hawana baba? Swali hilo lasimama mlangoni, na sinema yapita mbio, maana ina haraka ya kufikia bunduki. Shaft naye huwaingilia wanawake na kuwaacha kama msafiri aachavyo nyumba ya wageni. Hana bwana, ni kweli. Lakini hana pia anayemtegemea. Wazee wetu walisema mtu ni watu, na uhuru wa mmoja aendaye peke yake ni nusu ya uhuru.

Sinema hii ilileta faida kubwa, na wengi wakaiiga. Waliiga bunduki na uasherati, wakauacha ule mwendo. Hata mwaka 1972 viongozi wa watu weusi huko Marekani wakalalamika kwamba watu wao wanauziwa aibu yao wenyewe.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Watoto wasiitazame. Watu wazima na waitazame, na mwanzo wake wautazame mara mbili. Kisha, ikiisha, waulizane wao kwa wao lile swali ambalo Bumpy hakuulizwa.