Baiti Nne Walizotunyima

Kiini cha Linux ya biti 64 kinahesabu muda kwa biti 64. Fungua wtmp, faili ya kumbukumbu za walioingia kwenye mfumo, kwenye mashine hiyohiyo ya x86-64: sekunde zimebanwa kwenye biti 32. Glibc, maktaba ya C ya mfumo, iliamua hivyo ili programu za biti 32 na za biti 64 zisome faili moja. Uamuzi mbovu, na ulikuwa mbovu tangu siku ulipofanywa.

Hesabuni wenyewe. Rekodi moja ina baiti 384. Jina la mashine anakotokea mtumiaji limepewa 256, jina la mtumiaji 32, terminali 32. Saa imepewa nane: nne za sekunde, nne za mikrosekunde. Sasa shukeni hadi mkiani mwa rekodi. Kuna baiti 20 zilizoachwa tupu, akiba ya baadaye. Ishirini, na zilizohitajika ni nne tu! Biti za chini zingebaki zilipo, za juu zikaandikwa kwenye akiba ile, na programu mpya ingeziunganisha. Programu ya zamani ingeendelea kusoma kama kawaida, maana ukubwa wa rekodi usingebadilika. Basi hoja ya utangamano inasimama wapi?

Mwaka 2024 glibc waliugusa tena muundo huo. Akiba ilikuwa palepale. Walichofanya ni kuiondolea nambari upande wa hasi, mwisho ukasogea kutoka 19 Januari 2038 hadi 2106. Programu iliyokompailiwa kabla ya hapo haina habari: siku hiyo ya 2038 ikipita, itasema mtumiaji aliingia mwaka 1901.

Thompson na Ritchie, waundaji wa Unix, wasingekubali. Toleo la kwanza la Unix, Novemba 1971, lilikuwa tayari na amri ya who, faili ya utmp ya walio ndani kwa sasa, na wtmp, na saa yao ilihesabu sehemu za 60 za sekunde kwa biti 32, kiasi cha miaka miwili na ushee tu. Walipobanwa walisogeza mwanzo wa hesabu, na hatimaye wakahamia sekunde nzima. FreeBSD nao, katika 9.0, waliitupa utmp ya zamani wakaandika saa ya biti 64.

Kuna na suala la kufuli: glibc hufunga utmp kwa kufuli ambalo mtu yeyote mwenye ruhusa ya kusoma faili anaweza kulishika, na anayeingia akasubirishwa. Baada ya SunOS 4.1, ambako /etc/utmp ilikuwa wazi kuandikwa na kila mtu hadi CERT ikatoa tahadhari mwaka 1994, nilitarajia uangalifu zaidi kwenye faili hii.

Mbadala wa faili hizi, wtmpdb na lastlog2 za Thorsten Kukuk, zinazotumia SQLite na saa ya biti 64, ni kazi safi.

Ila gharama imeshatua kwa watu. Debian 13 imetoka bila amri za zamani za last, lastb na lastlog, zinazosoma kumbukumbu za kuingia, kwa sababu hiyohiyo ya 2038 na kwa kuwa wenye miundo hawakutaka kuibadilisha. Wasimamizi wa mifumo wanaandika upya skripti za ukaguzi zilizotegemea amri hizo, kwa ajili ya baiti nne ambazo nafasi yake ilikuwepo muda wote.