Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Juu ya Makumbusho ya Polisi ya Washington

Jumba la makumbusho ni aina ya hadithi. Lina msimulizi na wahusika, lina mwanzo na mwisho, ingawa maneno yake ni vitu vilivyopangwa ndani ya makabati ya vioo. Kwa hiyo mhakiki wa fasihi ana haki ya kulitazama kama atazamavyo riwaya, na kuuliza: anayesema ni nani, naye asema kwa niaba ya nani?

Mfano wangu ni Jumba la Taifa la Makumbusho ya Walinda Sheria, lililofunguliwa Washington mwezi wa Oktoba 2018. Asili yake ni ukumbusho wa askari waliokufa kazini, uliozinduliwa mwaka 1991, ambao kuta zake zimechongwa majina yanayozidi 24,000 leo. Mwaka 2000 Bunge la Marekani lilitoa idhini ya kujengwa jumba karibu na ukumbusho huo, juu ya ardhi ya serikali. Lakini sheria ile ile ilikataza fedha za serikali zisitumike katika ujenzi. Mzigo wote ukawaangukia wenye mfuko wa ukumbusho.

Mkono mtupu haulambwi. Sherehe ya kuchimba msingi ilifanywa mwaka 2010, lakini fedha hazikutosha. Mwaka 2016 ziliuzwa hati za mkopo. Gharama iliyotangazwa ni dola milioni 103. Miongoni mwa wafadhili wakubwa ni wakfu wa Motorola Solutions, kampuni iwauziayo polisi vyombo vya redio, na jina la wakfu huo limepewa jengo lenyewe.

Wahenga walisema, mwamba ngoma huvutia kwake. Sidai kwamba mfadhili yeyote alimwamuru mpangaji afiche neno. Amri kama hiyo haihitajiki. Aendaye kuomba fedha miaka kumi na minane hujifunza mwenyewe hadithi ipi hufungua mikoba. Na jumba lenye deni hapana budi livute wageni, hasa likiwa katika mji ambao makumbusho ya Smithsonian huingiwa bure. Ndipo twaelewa kwa nini vazi la RoboCop wa sinema lilipata nafasi karibu na vitu vya J. Edgar Hoover.

Lakini jambo kubwa ni mahali anapowekwa mgeni. Huketi penye kiti cha mpokea simu za dharura; kisha husimama mbele ya picha zinazokwenda, silaha ya mfano mkononi, aamue upesi apige au asipige. Ni usanii hodari, nao wafundisha ugumu wa kazi ile. Hata hivyo aliye mbele ya bunduki hana mahali pa kusimama. Msomaji wa riwaya ya nafsi ya kwanza aweza kumshuku msimulizi. Mgeni huyu amekwisha kufanywa msimulizi, naye ni nadra mtu kujishuku mwenyewe.

Kwa haki yapasa kusema kwamba jumba lilifunguliwa miaka minne baada ya ghasia za Ferguson, na halikunyamaza juu ya uhusiano wa polisi na raia. Tena, kama serikali ingalilipa, mwajiri wa polisi ndiye angaliwamba ngoma. Huzuni ya wajane na mayatima ni ya kweli, wala hapana mwenye haki ya kuidharau.

Kwa hiyo yafaa wapangao makumbusho ya namna hii waandike hadithi kabla ya kuanza kuomba, na wawaite mezani waliokamatwa pamoja na waliokamata. Katika chumba kile cha silaha, na iwekwe nafasi ya pili, ili mgeni asimame kwanza upande huu, kisha upande wa pili, mikono yake ikiwa juu. Mfadhili atakayekubali kulipia nafasi hiyo atakuwa amelipia makumbusho. Atakayekataa alitaka sifa tu.