Gishari ndani ya TFC zetu

Wandugu, TFC nyingi za watu wa kwetu kuhusu Masisi zinafanana. Sura ya kwanza: kuanzia 1937 mpaka 1955, Wabelgiji wanaleta familia kutoka Rwanda, wanazipanga Gishari na kwenye maplantasio. Sura ya pili: Machi 1993, soko la Ntoto kule Walikale, damu inamwagika mpaka Masisi. Hitimisho: makabila hayapatani.

Sasa ile miaka karibu 40 ya katikati imeenda wapi?

Mle ndani kuna kalamu. Mkoloni alikata sheferi ya Gishari kwenye ardhi ya Bahunde, halafu 1957 akaifuta mwenyewe. Sheria ya 1972 ikawapa uraia wenye asili ya Rwanda-Urundi waliokaa Kivu kabla ya 1960. Ile ya 1981 ikawanyang'anya. Sahihi ziliwekwa mbali na Masisi, lakini deni wamelilipa majirani wanaogombea shamba moja.

TFC ikiruka hayo, jirani anabaki mshitakiwa na ofisi inaachiliwa. Mwanafunzi anayefuata ananukuu hukumu hiyo kama ukweli.

Kingine: bibliografia ni ndefu, lakini mzee wa Kihunde aliyeona shamba la baba yake likigawanywa hajaulizwa. Wala mama aliyefika Gishari akiwa mtoto, wazazi wakiwa wameahidiwa udongo. Na wazee hao wanaisha. Anayeandika mwaka huu aanzie kwao, maktaba itamungojea.