Breki za gari la rali katika miteremko ya Bukoba na Muleba

Kundi N la magari ya mashindano lilianzishwa na FIA mwaka 1982 kwa sharti moja kuu: gari liwe la kawaida, la kuuzwa kwa watu, lililofanyiwa marekebisho machache tu. Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution za kundi hilo ndizo zilizozoeleka kwa miaka mingi katika rali za Tanzania, Kenya na Uganda, kwa sababu dereva wa ridhaa anaweza kumudu gharama zake.

Kuhusu breki, kifungu cha 254 cha Kiambatisho J kilibana kwa makusudi. Kalipa na diski zilipaswa kubaki zilezile zilizosajiliwa na mtengenezaji. Pedi ziliruhusiwa kuwa za aina yoyote, mradi eneo linalosugua lisiongezeke. Mipira ya breki iliweza kubadilishwa kwa ile ya aina ya ndege, iliyofumwa kwa nyuzi za chuma. Bati la kinga nyuma ya diski liliweza kukunjwa au kuondolewa, ABS na busta kukatwa, na kifaa cha kukwangua tope kufungwa.

Orodha hiyo fupi inatosha, na barabara za Kagera zinaonyesha sababu. Ziwa Victoria liko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nyuma ya mji wa Bukoba ardhi hupanda hadi zaidi ya mita 1,300. Gari la kilo 1,400 linaloshuka mita 200 hupoteza nishati ya megajuli 2.7 hivi. Likisimamishwa kutoka mwendo wa kilomita 100 kwa saa kwenye tambarare, nishati inayoingia kwenye breki ni kama megajuli 0.54. Kwa hiyo kushuka kutoka juu ya mwinuko huo hadi ziwani kwa breki pekee ni sawa na kusimama ghafla mara tano mfululizo, hata kabla ya kuhesabu kona. Sehemu ya mzigo huo hubebwa na injini dereva anaposhuka kwa gia ndogo. Anayeweka gia huru mteremkoni huzitwisha breki kazi yote.

Adui hapo ni joto. Diski kubwa hubeba joto zaidi, lakini haifupishi umbali wa kusimama pale ambapo tairi ndiyo inayoshindwa kwanza. Kwenye udongo mwekundu wa Muleba uliolowa mvua, breki za kiwandani hufunga gurudumu bila shida. Tena diski kubwa hudai rimu kubwa. Breki za Brembo za Impreza STI zina diski za mbele za milimita 326 na huhitaji rimu ya inchi 17, ambayo tairi yake huwa na ubavu mfupi usiostahimili mawe. Ndiyo maana Mitsubishi iliuza Lancer Evolution ya RS ikiwa na breki ndogo na rimu za inchi 15. Hata magari ya Rally2 ya leo, yenye bajeti kubwa, hutumia diski za milimita 300 kwenye changarawe na 355 kwenye lami.

Kukata ABS nako kuna mantiki. Gurudumu lililofungwa kwenye changarawe hulimbikiza kokoto mbele yake, na lundo hilo husaidia kusimamisha gari. ABS huliachia gurudumu kabla lundo halijakua. Kwenye lami ya Bukoba kwenda Muleba faida hiyo haipo, na anayerudi nyumbani na gari lilelile anapaswa kuirudisha ABS.

Uteuzi wa pedi unataka uangalifu zaidi. Pedi ya mashindano inayovumilia joto kali hushika vibaya ikiwa baridi, na asubuhi ya mvua hatari iko kwenye kona ya kwanza. Pedi ya joto la kati ndiyo inayofaa zaidi hapa.

Kikwangua tope huonekana kitu kidogo hadi rimu itolewe. Kati ya kalipa na rimu ya inchi 15 nafasi ni finyu. Udongo wa mfinyanzi hujaa humo, hukauka kwa joto la diski, kisha jiwe moja lililonasa huchimba mfereji kuzunguka rimu yote kwa ndani.

Mafuta ya breki ndiyo mabadiliko ya bei ndogo kuliko yote, na ndiyo yanayosahaulika. DOT 4 mpya huchemka kwa nyuzijoto zisizopungua 230. Yakishanyonya maji ya asilimia 3.7 kiwango hicho cha chini hushuka hadi 155. Hewa ya kando ya ziwa ina unyevu mwingi, na kopo lililofunguliwa na kuachwa gereji huanza kuharibika mara moja. Mafuta yakichemka ndani ya kalipa hutoa mvuke, mvuke hubanwa, na pedali huzama hadi chini. Mpira wa chuma hauzuii hilo, wala pedi ya bei kubwa. Kinachozuia ni mafuta mapya kutoka kopo lililofunguliwa siku hiyo, na kutoa hewa kwenye breki za magurudumu yote manne kabla ya kila shindano.