Sura ya Mtawala Isiyotundikwa: Uhakiki wa Vibonzo vya Gado

Katika ofisi za umma nchini Tanzania, iwe Dodoma au katika Kata ya Makanyagio mjini Mpanda, picha rasmi ya Rais hutundikwa ukutani. Picha hiyo humtaka mtazamaji amheshimu mtawala. Vibonzo vya Godfrey Mwampembwa, maarufu kwa jina la Gado, humtaka amhoji. Makala haya yanahakiki namna vibonzo hivyo vinavyotekeleza azma hiyo.

Gado alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969. Aliacha masomo ya usanifu majengo mwaka 1992 na kujiunga na magazeti ya Nation jijini Nairobi. Tangu mwaka 2009, sura alizozichora zilipata sauti kupitia vikaragosi vya kipindi cha televisheni cha XYZ Show.

Ubora wake unadhihirika zaidi pale ishara inapojitegemea. Uhuru Kenyatta na William Ruto, walipokabiliwa na mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), walichorwa wakikokota tufe la chuma lililofungwa mguuni kwa mnyororo. Tufe hilo halikuhitaji maelezo. Hata hivyo, hapo ndipo penye utata wa kimaadili: mashtaka ya Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, na kesi ya Ruto ikasitishwa Aprili 2016. Mahakama inaweza kufunga jalada. Ishara iliyokwisha kuzoeleka haiwezi kufutwa kwa amri.

Kibonzo kilichomwonyesha Rais Jakaya Kikwete kama mtawala wa Kirumi ni tofauti. Humo, wanawake wanaomzunguka wamepewa majina ya maovu, ukiwemo ufisadi. Tashtiti yake inategemea maandishi, na kuwafanya wanawake kuwa sura ya uovu ni jazanda iliyochakaa. Januari 2015, usambazaji wa gazeti la The EastAfrican ulizuiwa nchini Tanzania. Sababu iliyotolewa na Serikali ilikuwa usajili, lakini wengi walilihusisha zuio hilo na kibonzo hicho.

Kutokana na mifano hii, makala yanahitimisha kwamba zuio si kipimo cha sanaa. Kibonzo dhaifu kinastahili uhuru uleule wa kuchapishwa unaostahili kibonzo bora, kwa kuwa msomaji aliyenyimwa mchoro amenyimwa pia nafasi ya kuukosoa.